Chaja iko kabatini: mume anapokudhibiti, kaunsili inaweza kufanya nini

Kila zinapokaribia siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia, zinazoanza Novemba 25, simu za ofisini kwetu, ustawi wa jamii wa kaunsili (halmashauri ya eneo), huongezeka. Ni jambo jema. Ila wanawake wenzetu wanaozungumza Kiswahili hapa England hupiga wakiwa wamechelewa, na wengi huanza kwa maneno yale yale: "Hajawahi kunipiga, lakini..." Sheria ya hapa haisubiri kofi.

Tangu Desemba 29, 2015, kumdhibiti mwenza au ndugu kwa shuruti ni kosa la jinai, chini ya kifungu cha 76 cha Sheria ya Makosa Makubwa ya Jinai ya 2015. Adhabu ya juu ni kifungo cha miaka 5, au faini, au vyote viwili. Kinachopimwa ni mwenendo unaojirudia. Uwe umemtia mwanamke hofu, walau mara mbili, kwamba atafanyiwa ukatili. Au umempa dhiki kubwa kiasi cha kuvuruga maisha yake ya kila siku. Naye mtuhumiwa awe alijua, au alipaswa kujua, kwamba anayoyafanya yana madhara hayo. Zamani, mkishaachana na kuhama, kifungu hiki hakikuwagusa tena. Kuanzia Aprili 5, 2023, kuishi nyumba moja si sharti.

Hao ni polisi na mahakama. Sisi wa ustawi wa jamii kwa watu wazima, chini ya kaunsili, ni mlango mwingine, na wengi hawaujui.

Chukua mama aliyepata kiharusi, anatumia kiti cha magurudumu cha umeme. Mume anaondoka kwenda kazini saa kumi na mbili asubuhi, chaja ameifungia kabatini, "usije ukazurura ukaanguka". Kadi ya benki anayo yeye, simu anaikagua jioni. Muuguzi akija, mume ndiye anayejibu: amekula, amelala vizuri, hana shida. Majirani wanamsifu kwamba ni mwanaume wa pekee, angekuwa mwingine angeshamrudisha kwao. Hapo hakuna alama mwilini hata moja.

Mama huyu anaingia moja kwa moja katika kifungu cha 42 cha Sheria ya Matunzo ya 2014. Kaunsili inawajibika kuchunguza pale mtu mzima ana mahitaji ya matunzo, ananyanyaswa au yumo hatarini kunyanyaswa, na kwa sababu ya mahitaji hayo hawezi kujilinda. Si lazima awe tayari anapata huduma yetu. Tunatafuta namna ya kumwona peke yake, mara nyingi kwa kisingizio cha miadi ya hospitali. Mkalimani anakuwa wetu. Si mume, si wifi, si mtoto aliyezaliwa hapa na anayejua Kiingereza. Akipata shida kubwa kushiriki na hana mtu anayefaa wa kumsaidia, kifungu cha 68 kinatutaka tumpatie mtetezi huru. Kisha tunamuuliza anataka nini. Wengine wanataka kuondoka, wengine wanataka chaja tu. Tunaweza kupima upya mahitaji yake, kuleta mhudumu wa kulipwa ili asimtegemee mume kwa choo na dawa, na kupeleka fedha za matunzo kwenye akaunti isiyoguswa na mtu mwingine. Hatari ikiwa kubwa, shauri linapelekwa kwenye kikao cha siri cha polisi, afya, nyumba na sisi. Yeye hahudhurii, mtetezi wake wa masuala ya ukatili wa nyumbani humsemea.

Mume atasema anamtunza. Sheria inampa nafasi ya kujitetea hivyo, iwapo aliamini anafanya kwa maslahi ya mkewe na mwenendo wake ulikuwa wa busara. Utetezi huo haumfai kama mke aliishi kwa hofu ya kupigwa.

Sasa haya ya kwenye makundi ya WhatsApp. "Soshali watachukua watoto." Kitengo chetu si cha watoto. Kama wapo nyumbani, ndiyo, tunalazimika kuwashirikisha wenzetu wa watoto, na sitakuficha hilo. Lakini sheria ya 2021 inamhesabu mtoto anayeona, kusikia au kuathirika na ukatili kuwa naye ni mwathirika. Wanakuja kwa ajili hiyo. "Huna haki, viza yako ni ya mume." Jamani! Matunzo chini ya Sheria ya Matunzo hayamo kwenye orodha ya fedha za umma zinazokatazwa kwenye viza. Aliyekuja kwa viza ya mwenza, ndoa ikavunjika kwa ukatili, anaweza kuomba kibali cha miezi 3 kinachomfungulia msaada wa serikali. Muone mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa, siyo shemeji anayejua mambo.

Wazee wetu nao huniomba tuwakalishe mume na mke pamoja, yaishe. Hatufanyi hivyo. Atakalolisema mke mbele ya mume atalilipia usiku.

Mwanamke mwenye akili timamu akikataa msaada, tunaheshimu. Ila "sitaki" inayotamkwa huku mume amesimama mlangoni hatuipokei haraka. Pale shuruti inapomnyima mtu uhuru wa kuamua, Mahakama Kuu ina mamlaka ya kuingilia.

Kama huna mahitaji ya matunzo, kifungu cha 42 hakikuhusu, lakini usikate simu: tutakuunganisha na huduma za ukatili wa nyumbani, na aliyekosa makazi kwa sababu hiyo anapewa kipaumbele na kaunsili.

Kwa hatari ya papo hapo piga 999. Kama huwezi kusema na unatumia simu ya mkononi, bonyeza 55 unapoombwa. Laini ya taifa ya ukatili wa nyumbani, ya bure, saa 24, ni 0808 2000 247. Kwetu, piga kaunsili yako uombe kitengo cha ulinzi wa watu wazima. Tuambie kwanza ni saa ngapi hayupo nyumbani, na kama namba hii ni salama kupigiwa.