Samaki mdogo kasingiziwa: fimbo ya kuvulia hudumu muda gani?

"Fundi, imechoka tu." Maneno hayo nayasikia karibu kila mtu anaponiwekea mezani fimbo ya kuvulia iliyovunjika vipande viwili. Mwenyewe kaitumia kila siku kwa misimu minne au mitano, haijawahi kumsumbua, kisha siku moja, tena kwa samaki mdogo wa aibu, ikalia ka! Naichukua, naisogeza kwenye taa, na mara nyingi karibu kabisa na mpasuko nakuta alama ndogo kama kovu la ndui. Hapo ndipo chubwi ya risasi ilipogonga, pengine miezi mingi nyuma, mshipi ulipokuwa ukirushwa au fimbo ikibingirika mashuani. Samaki mdogo kasingiziwa.

Wengi huifikiria fimbo kama waya, kwamba ukiikunja na kuikunjua mno itakatika. Nyuzi za kaboni za fimbo, zilizoshikwa kwa gundi ya epoksi, hazina tabia hiyo. Huvumilia kupinda maelfu kwa maelfu ya mara, mradi mzigo ubaki mbali na kikomo chake. Zisichovumilia ni kidonda. Ufito, yaani mwili wenyewe wa fimbo, ni bomba tupu lenye ukuta mwembamba. Ukipinda, upande wa nje huvutwa, wa ndani hubanwa, na bomba lenyewe hutaka kubonyea liwe na umbo la yai. Palipokatika nyuzi chache tu, au tabaka mbili zilipoachana, ukuta hubonyea mapema, na hapo tena hakuna breki ya rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, itakayookoa kitu.

Nyuzi za kioo ni habari nyingine. Unyuzi wa kioo hurefuka kwa asilimia 4 hivi kabla ya kukatika, ilhali wa kaboni ya kawaida huishia kwenye asilimia 1.5 hadi 2. Ile kaboni ngumu zaidi, inayosifiwa kwa wepesi, kwa kawaida haifiki hata hapo. Kwa ugumu, kaboni huizidi kioo kama mara tatu, ndiyo maana fimbo yake ni nyembamba na mkono hauumi jioni. Lakini mtu anayevua kila siku kwenye mashua ya kukanyagana nitampa ya kioo, au mchanganyiko wa vyote viwili, bila kusita. Mimi mwenyewe ninayo moja ya kioo yenye miaka 19. Mpini nimeubadilisha mara mbili na pete zote za kupitishia mshipi mara tatu. Mke wangu huuliza kama bado ni fimbo ileile.

Na kweli, kwa anayevua sana, kinachoisha kwanza si ufito bali pete, na kati ya pete zote ni ile ya nchani. Mshipi hugeuka hapo kwa pembe kali kuliko popote, huku ukivutwa na samaki na umebeba chumvi na mchanga. Mshipi wa kusuka ndio hatari zaidi, kwa kuwa hushika mchanga kati ya nyuzi zake ukawa kama msasa. Pete za chuma tupu huchimbika mfereji. Zile zenye utando wa kauri hazichimbiki upesi, ila huingia ufa fimbo ikiegemezwa ukutani ikaanguka, na ufa huo macho hayauoni. Pitisha pamba ndani ya pete na uizungushe. Ikinasa, badilisha. Nimeshaona watu wakinunua mshipi mpya mara tatu mfululizo, kila mmoja wakiulaani, na mkosaji amekaa nchani anang'aa.

Kuibadilisha pete ya nchani ni kazi ya dakika kumi: unaipasha moto taratibu mpaka gundi ilainike, kisha unaichomoa. Taratibu, nasema, maana moto ukizidi huharibu epoksi ya ufito wenyewe. Pete za katikati zimefungwa kwa uzi na kupakwa vanishi. Vanishi ikipasuka, maji ya chumvi hujificha chini yake na kutu huanza kwenye miguu ya pete. Dawa yake ni kuisuuza fimbo kwa maji yasiyo na chumvi baada ya kila safari.

Viungio vya vipande vya fimbo navyo hulika. Kikilegea kidogo, nta ya mshumaa hukisaidia. Ukiendelea kurusha kikiwa kimelegea, upande wa kike, ule unaopokea mwenzake, hupasuka kwa urefu.

Turudi kwa zile zinazovunjika zikiwa nzima, bila kovu. Karibu zote zilisimamishwa wima mno samaki akiwa chini ya mashua. Fimbo ikifika hapo, ncha peke yake ndiyo inayobeba mzigo, na sehemu nene karibu na mpini, iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, inatazama tu. Wengine hushika ufito juu ya mpini ili wapate nguvu, wakafupisha upinde. Na ndoano ikinasa mwambani, usivute kwa fimbo. Ielekeze kule ilikonasa, funga kitambaa mkononi, uvute mshipi wenyewe.

Ncha ikivunjika sentimita chache, leta: nitakata, nibandike pete yenye tundu kubwa kidogo, na utavua miaka mingine ukivumilia ugumu wake. Lakini ufito ukibonyezwa kwa dole gumba karibu na mpini ukatoa mlio wa kukwaruza, huo siukarabati hata nikibembelezwa.