Serikali, dola na taifa: maneno tunayoyachanganya Uganda

Hapa Busia, mpakani, neno "gavumenti" hubebeshwa kila kitu. Mtoza ushuru ni gavumenti, askari ni gavumenti, barabara yenye mashimo ni ya gavumenti. Ninafundisha vijana wa sekondari, na kila mwaka naona jinsi neno hilo moja linavyowanyima nafasi ya kuuliza wanachotaka kuuliza. Hizi hapa ni dhana potofu tano ninazokutana nazo.

Dhana: Serikali na dola ni kitu kimoja.

Serikali ni watu walioshika usukani kwa wakati fulani. Dola ni chombo chenyewe: ardhi yenye mipaka, wananchi wake, na mamlaka ya mwisho yanayotambuliwa na nchi nyingine. Uganda iliingia Umoja wa Mataifa Oktoba 1962. Baadaye Idi Amin alimpindua Rais Milton Obote Januari 1971, akaangushwa 1979. Obote akarudi, akapinduliwa tena Julai 1985. NRA, jeshi la msituni la Museveni, ikaiteka Kampala Januari 1986. Katika misukosuko yote hiyo, hakuna aliyelazimika kuomba uanachama upya.

Madeni nayo hubaki. Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda kuilipa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo fidia ya dola za Marekani milioni 325, kwa awamu tano, kutokana na vita vya 1998 hadi 2003. Mdaiwa ni Uganda. Akiingia rais mwingine kabla deni halijaisha, atalirithi.

Naikazania tofauti hii kwa sababu nimesikia vijana wengi wakiambiwa wanaichukia nchi yao, kumbe wameikosoa serikali tu. Anayetaka serikali ibadilike kwa kura hajaigusa dola hata kidogo.

Dhana: Kila taifa lina dola yake.

Taifa ni watu wanaojiona wamoja kwa historia na lugha, na mipaka ya dola haiwafuati. Wasamia wako upande huu wa mpaka na upande wa Kenya. Wakakwa wamegawanyika kati ya Uganda, Kongo na Sudan Kusini. Ufalme wa Buganda una Kabaka (mfalme), Katikkiro (waziri mkuu wake), Lukiiko (baraza lake) na wimbo wake, na Waganda hujiona taifa kwa historia na lugha. Lakini hauna jeshi wala pasipoti. Falme zilifutwa na Katiba ya 1967, zikarudishwa 1993, na Katiba ya 1995 inawatambua viongozi wa jadi huku ikiwakataza kuingia katika siasa za vyama.

Dhana: Penye Waziri Mkuu pana mfumo wa kibunge.

Hili ndilo linalowatatiza wengi zaidi, na lina sababu, maana Uganda imeonja mifumo yote miwili: wa kibunge, ambapo mkuu wa serikali hutegemea wingi wa wabunge, na wa urais. Mwaka 1962 Obote aliongoza serikali akiwa Waziri Mkuu, kwa sababu chama chake cha UPC na washirika wake wa chama cha Kabaka Yekka walikuwa na wabunge wengi. Mkuu wa dola alikuwa Malkia wa Uingereza. Oktoba 1963 Kabaka Mutesa II akawa rais asiye na madaraka ya utendaji. Mwaka 1966 Obote akajitwalia urais, na Katiba iliyofuata ikampa rais madaraka hayo. Cheo cha Waziri Mkuu tunacho leo pia, ila anayekishika huteuliwa na Rais kwa idhini ya Bunge, na Rais mwenyewe huchaguliwa na wananchi kwa zaidi ya nusu ya kura.

Mimi huwapa wanafunzi kipimo kimoja: nani anaweza kumwondoa mkuu wa serikali, na kwa kura ngapi? Uingereza, tarehe 28 Machi 1979, wabunge 311 walipiga kura ya kutokuwa na imani dhidi ya 310. Serikali ya James Callaghan ikaanguka kwa kura moja. Kwetu, kumwondoa Rais kunadai theluthi mbili ya wabunge wote, tena kwa sababu zilizotajwa katika Katiba, kama matumizi mabaya ya madaraka au maradhi yanayomzuia kufanya kazi. Wabunge kuchoshwa naye hakutoshi. Hata hivyo mawaziri wetu wengi ni wabunge vilevile, desturi ya Uingereza, ilhali Kenya tangu Katiba ya 2010 waziri haruhusiwi kuwa mbunge.

Dhana: Jamhuri ni demokrasia, ufalme ni udikteta.

Denmark na Sweden ni falme zenye chaguzi huru. Uganda ya Amin ilikuwa jamhuri.

Dhana: Wilaya nyingi ni dalili ya shirikisho.

Tuna wilaya zaidi ya 130 na mabaraza ya mitaa kuanzia LC1 ya kijiji hadi LC5 ya wilaya, lakini wilaya huundwa kwa uamuzi wa Bunge, Kampala. Huo ni ugatuzi ndani ya dola moja. Katika shirikisho, madaraka ya majimbo yamelindwa na katiba, na serikali kuu haiwezi kuyachukua peke yake. Wanaodai "federo", yaani shirikisho, huko Mengo, makao ya serikali ya Buganda, wanadai ulinzi wa namna hiyo, ambao Buganda iliupata katika Katiba ya 1962 na kuupoteza miaka minne baadaye.