Ngozi nyeusi na kipimo cha mwanga

Dada akipiga picha ya pasipoti River Road, Nairobi, na uso ukatoka giza, huambiwa ngozi yake haishiki picha. Si kweli, na kauli hiyo inaumiza. Kamera hupima kila kitu kama kijivu cha wastani. Ukuta mweupe nyuma yake huifanya ipunguze mwanga, uso ukazama. Pima mwanga shavuni, au ongeza stopu 1, yaani mwanga mara mbili. Ukipima shavuni, au uso ukijaza fremu, kamera huzidisha mwanga na ngozi hupauka. Hapo punguza kidogo. Weka taa kubwa yenye kitambaa pembeni, nyuzi 45. Flashi ya moja kwa moja huacha mng'ao mkali kwenye paji. Hata kadi za Kodak, kampuni ya filamu za kamera, za kusawazishia rangi zilionyesha mwanamke mzungu kwa miaka mingi.