Mto Rufiji na Mafuriko Yake

Anayevuka Daraja la Mkapa mwezi wa Oktoba huona mchanga mwingi kuliko maji, akashangaa kuambiwa kwamba huo ndio mto mkubwa kuliko yote nchini. Arudi Aprili. Atakuta maji yamejaa bonde zima, mekundu kwa udongo, na udongo huo ndio mali yenyewe.

Rufiji hukusanya maji ya karibu moja ya tano ya Tanzania. Kilombero na Luwegu hukutana kwenye Maporomoko ya Shughuli, kisha Ruaha Mkuu huingia mbele kidogo. Ruaha ndio unaosikika zaidi redioni, lakini zaidi ya nusu ya maji huletwa na Kilombero, unaolishwa na mvua za milima ya Udzungwa. Mbuga za bonde hilo zamani ndizo zilizokuwa makao ya sheshe, aina ya swala, wengi kuliko popote Afrika.

Ukishapita korongo la Stiegler, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, mto hutulia na kuhamahama. Kila unapoacha njia ya zamani hubaki maziwa, kama Tagalala na Manze, yenye viboko na mamba tele. Mafuriko huyajaza upya na kuingiza samaki wanaokwenda kuzaliana. Maji yakishuka, kambale na perege hubaki humo, na hapo mvuvi, mamba na korongo hugombea kitoweo kimoja.

Wakulima wa bondeni nao hufuata saa hiyohiyo. Mpunga hupandwa kwa mvua za kwanza ili uwe umerefuka maji yanapofika, ukichelewa, unazama. Maji yakiondoka huja mlau: mahindi, kunde na mboga hupandwa kwenye tope bichi, na unyevu wa ardhini huyafikisha hadi mavuno hata mvua isiponyesha. Operesheni Rufiji ya 1969 iliwahamishia watu miinukoni, ila mashamba hayahamishiki. Ndiyo maana hadi leo utaona dungu, kibanda juu ya nguzo ndefu, mwenye shamba akilala humo kulinda mpunga dhidi ya nguruwe na viboko.

Kwenye delta, maji baridi hukutana na chumvi chini ya mikoko, mikandaa na michu, na kamba wachanga hukulia humo. Boriti za huko zilisafirishwa Uarabuni kwa majahazi tangu zamani.

Tangu Februari 2024 Bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa kwenye korongo la Stiegler, linazalisha umeme; uwezo wake kamili ni megawati 2,115. Tunauhitaji umeme huo. Ila sehemu kubwa ya udongo sasa hutuama bwawani, na maji hushuka kwa kufunguliwa. Kwa maoni yangu, bonde lisilopata furiko kabisa litaumia kama lililofurika kupita kiasi, jinsi ilivyotokea Rufiji na Kibiti Aprili 2024. Ratiba ya kufungua maji ifuate msimu, na ifike Mloka, Utete na Mohoro kabla mkulima hajamwaga mbegu.