Masta ya biashara au ya infomatiki: ule ujumbe wa Watsapu haujakaa sawa

Ujumbe huu unarudi Lubumbashi kila msimu wa kujiandikisha: "Ukisoma lisansi ya biashara, mlango wa masta ya infomatiki umefungwa. Masta ya biashara nayo ni karatasi tu."

Mambo hayaendi hivyo. Masta ya sayansi ya kompyuta kwa kawaida hudai msingi wa hesabu na programu. Ya mifumo ya habari mara nyingi hupokea waliotoka biashara, pengine kwa masomo ya nyongeza kwanza. MBA nyingi, yaani masta za uongozi wa biashara, hupokea mtu wa fani yoyote, ila hutaka miaka kadhaa kazini. Hapo fundi wa kompyuta wa mgodini anaweza kumpita aliyemaliza juzi.

Chanzo cha utata nakiona kwenye neno "lisansi" lenyewe. Lisansi ya mjomba aliyesoma mfumo wa zamani ilikuwa miaka 5: 3 ya gradua, 2 ya lisansi. Ya LMD, mfumo mpya wa lisansi, masta na dokta, ni miaka 3, halafu masta miaka 2. Ushauri wake wa mezani ni wa ngazi nyingine.

Kuhakiki ni rahisi: soma masharti kwenye ubao wa kitivo, omba orodha ya masomo, uone krediti ngapi kati ya 120 za masta ni za programu na ngapi za uhasibu. Ujumbe ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze.