Vumbi la redio ya valvu lisome kabla ya kulifuta

Redio hii ilinifikia kwa boda boda kutoka Mpumudde hadi hapa Walukuba, mjini Jinja, imefungwa ndani ya kitenge, imetiliwa majani makavu ya migomba kila upande, na kijana aliyeketi nyuma ameikumbatia kama mtoto. Mzee mwenye mali akaja baadaye kidogo, akaketi, akaniambia, "Mwanangu, nilitaka kuipangusa kwanza isikutie aibu, lakini mgongo haukuniruhusu." Nilimshukuru Mungu kwa huo mgongo. Nikamuuliza kama ameichomeka kwenye umeme. "Hapana, fundi, nilikungoja wewe." Nikashukuru mara ya pili.

Wengi mnaoniuliza habari za redio za valvu, zile zinazotumia taa za kioo mahali pa transista, huanza na dawa gani ya kusafishia. Mimi naanza na macho. Uchafu wa redio iliyokaa zaidi ya miaka thelathini una habari zote za maisha yake, na ukishaupuliza umeichoma barua kabla ya kuisoma.

Kwanza mashine yenyewe. Ni Fisher 500-C, risiva ya stereo iliyotengenezwa New York katikati ya miaka ya 1960 na kampuni ya Avery Fisher, yule ambaye jina lake baadaye lilipewa ukumbi wa muziki wa Lincoln Center. Amplifaya na kipokezi viko kwenye chasisi moja ya chuma, valvu nne aina ya 7591 zikisukuma spika, na nyingine nyingi ndogo zikifanya kazi ya kupokea na kukuza sauti. Inapokea FM peke yake. Hapo ndipo kisa cha mzee kinapoanza: aliinunua wiki za mwisho za masomo yake Marekani, ikaja kwa meli hadi Mombasa, na kutoka hapo kwa treni. Marekani ilikuwa imeidhinisha FM ya stereo mwaka 1961, lakini huku stesheni binafsi za FM zilianza Kampala mwishoni mwa 1993. Kwa hiyo kwake, tangu siku ya kwanza, ilikuwa mashine ya santuri. Mwaka 1988 ikaharibika, ikapandishwa juu ya kabati, ikakaa huko hadi mwezi uliopita.

Nilipofungua kifuniko cha chini sikugusa kitu. Nilipiga picha kila pembe, kisha nikawasha tochi. Swichi ya kuchagulia ilikuwa na miguso inayong'aa upande wa santuri, na upande wa FM imekuwa myeusi kama chungu. Katikati ya visahani vya kapasita ya kutafutia stesheni, nyigu alikuwa amejenga kiota cha udongo mwekundu, kigumu kama kigae. Nyigu hajengi kwenye kitu kinachozungushwa. Pembeni ya transfoma kubwa palikuwa na matone ya nta yaliyotiririka na kuganda, maana yake iliwahi kupata joto kupita kiasi. Nikaifuata hiyo nta hadi kwenye fyuzi: imezungushiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Na karibu na soketi ya valvu ya tatu, rezista moja, kile kijiti kinachopunguza umeme, imegeuka rangi ya kahawa iliyoungua, na chini yake mjusi kafiri aliyekauka.

Kama ningeanza na brashi, ningepata chasisi safi na maswali matupu. Sasa nilijua: kuna valvu iliyovuta umeme kupita kiasi, fyuzi ikakatika kama ilivyotakiwa, mtu akaizuia isikatike tena, transfoma ikapata joto kupita kiasi hadi mzee mwenyewe alipoizima. Transfoma hiyo ndiyo moyo, na ikifa hakuna duka hapa Uganda litakalokuuzia nyingine. Nilipima waya zake kabla ya kitu kingine chochote. Zilikuwa nzima.

Tahadhari moja kabla hujaingiza mkono. Ndani humu kuna zaidi ya volti 400, na kapasita kubwa za kopo zinaweza kushika umeme huo hata baada ya kuchomoa waya. Hii ya mzee ilikuwa imelala miaka mingi, lakini kila ulipoijaribu na kuizima, itoe umeme tena: rezista ya kilo-ohmu 10 yenye wati tano au zaidi, iliyofungwa waya wenye gamba zuri, upande mmoja kwenye chasisi na mwingine kwenye kapasita, kisha upime kwa mita hadi usome karibu na sifuri. Mkono wa kushoto uweke mfukoni, umeme usipate njia ya kupita kifuani. Usitumie bisibisi kupiga shoti. Cheche ile huharibu kapasita, na inaweza kukuharibu wewe.

Sasa usafi. Vumbi kavu nalitoa kwa brashi laini ya rangi na mashine ya kufagilia vumbi iliyo mbali kidogo, inayovuta na isiyopuliza. Kuna mafundi wanaopeleka redio kwa wale wanaojaza upepo wa matairi. Tafadhali msifanye hivyo. Upepo ule una maji na mafuta, na nguvu yake hupinda visahani vya kapasita ya stesheni, ambavyo vikigusana umeshapoteza FM yako. Petroli na mafuta ya taa pia hapana: yanayeyusha nta ya koili na kuacha utando unaokamata vumbi jipya.

Kiota cha nyigu kilinichukua asubuhi nzima. Nilikilowesha tone moja moja kwa maji yaliyochujwa, nikitumia sindano ya hospitali, hadi udongo ukalainika, kisha nikautoa kwa ukanda wa karatasi ngumu niliokuwa naupitisha kati ya kisahani na kisahani. Mwisho nikasuuza kwa spiriti safi ya isopropili ili maji yasibaki. Visahani vile ni vyepesi kama jani la mchai, na kimoja kikipinda unakisikia kwenye vidole kabla ya kukiona.

Kioo cha namba ndicho kinachowaponza watu wengi. Namba na maandishi yamechapwa upande wa nyuma, na rangi yake baada ya miaka sitini haishikilii chochote. Mbele osha kwa maji na sabuni kidogo. Nyuma pitisha brashi kavu tu. Hali kadhalika valvu: maandishi yake hufutika kwa kidole chenye jasho, na yakifutika hujui tena ipi ni ipi. Zipangie trei, andika namba ya soketi kwenye utepe, futa kioo chini ya maandishi, miguu isugue kwa spiriti. Kwa swichi na vitufe vya sauti natumia dawa ya kusafishia miguso, tone dogo kwa mrija, kisha nazungusha mara thelathini. Usilowanishe ubao wa kahawia wa swichi. Ubao huo ukinyonya dawa hupitisha umeme pale usipotakiwa.

Baada ya usafi nikabadilisha vitu ambavyo umri peke yake unatosha kuvihukumu. Kapasita za kopo zilikuwa zimekauka. Kapasita zinazopeleka sauti kwenye valvu za 7591 nilizibadilisha zote, kwa sababu zikivujisha hata volti chache, zinaondoa ule umeme hasi unaoizuia valvu, nayo inavuta hadi bamba lake linakuwa jekundu. Rezista iliyoungua ilikuwa inatuambia hilo. Kuna pia kirekebishi cha seleniamu, kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu, kinachotoa umeme hasi huo. Kikifa hutoa harufu ya figili iliyooza na moshi wenye sumu, basi usingoje kife. Nilikitoa, nikaweka dayodi za silikoni, lakini silikoni inapoteza volti pungufu kuliko seleniamu, hivyo nikaongeza rezista hadi volti zikarudi zilivyoandikwa kwenye mchoro.

Sasa suala la umeme wetu, ambalo mabingwa wa Marekani hawaligusi kwa sababu haliwahusu. Fisher hii ilijengwa kwa volti 117 na hezi 60, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde. Sisi tuna volti 240 na hezi 50. Kila mtu anakumbuka volti na kununua transfoma ya kushusha, lakini hezi zinasahaulika. Chuma cha transfoma kinashiba usumaku kwa kadiri ya volti ukigawanya kwa hezi: 117 kwa 60 ni kama 1.95, na kwa hezi 50 uwiano huohuo unatoa volti 97.5 tu. Ukiipa 117 kamili hapa Jinja inavuma na kupata joto zaidi ya ilivyopangiwa, na hii tayari iliwahi kupata joto kupita kiasi. Ukishusha hadi 97, nyuzi za valvu zinazotaka volti 6.3 zinakosa joto la kutosha. Nilichagua 110. Nyuzi zinapata karibu 5.9, ambazo ziko ndani ya asilimia kumi inayoruhusiwa, na transfoma inapumua. Transfoma ya kushushia iwe ile yenye koili mbili zilizotengana, na chasisi ipate waya wa ardhi, nasisitiza hilo.

Kuwasha mara ya kwanza: balbu ya nyuzi ya wati 100 kwenye njia ya umeme, mfululizo, upande wa volti 240. Balbu hizi sasa nazipata kwa wauza vifaa vya kulelea vifaranga. Spika au rezista ya ohmu 8 lazima iwe imefungwa, maana transfoma ya sauti ikifanya kazi bila mzigo inaweza kuungua. Balbu iliwaka sana, ikafifia, ikatulia nyekundu hafifu. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Ingebaki inang'aa, ningezima papo hapo.

Chini ya kila 7591 nimeweka rezista ya ohmu 10 ili nipime mkondo: milivolti 350 ni miliampia 35. Tatu zilitulia kati ya 330 na 350. Ya tatu kwenye safu, ile ya rezista iliyoungua, ilianzia 340, baada ya dakika ishirini ikafika 500 na bado inapanda. Nikazima, nikaihamishia kwenye soketi nyingine. Ugonjwa ukahama nayo. Kwa hiyo saketi ni nzima, valvu ndiyo imeingiwa na hewa. 7591 mpya bado zinatengenezwa Urusi na Slovakia. Mzee akaagiza nne zinazolingana, nasi tukangoja.

Wakati wa kungoja nilirekebisha jambo moja dogo lenye faida kubwa. FM ya Marekani hupunguziwa sauti nyembamba kwa kipimo cha mikrosekunde 75, huku kwetu, kama Ulaya, ni 50. Risiva ya kule ikisikilizwa hapa inakuwa kama imefunikwa blanketi. Kapasita mbili zinazohusika nilizipunguza hadi theluthi mbili za thamani yake, na matoazi yakarudi.

Mzee alikuja Jumamosi na santuri zake mkobani, lakini nilimwomba aanze na FM. Nilikuwa nimetundika waya wa antena wa mita moja na nusu dirishani. Akazungusha mwenyewe, taratibu, kile kitufe kizito, hadi stesheni ya Kampala ikashika na taa ndogo ya stereo ikawaka kwenye kioo. Akaitoa miwani, akaivaa tena.

"Mwanangu," akasema, "hii taa mara ya mwisho kuiona ikiwaka ilikuwa dukani."