"Gelmene gerek yok" si "usije"

Juzi rafiki yangu anayejifunza Kituruki aliniandikia: "Yarın gelmemelisin." Alikusudia kunipunguzia safari, kwamba kesho si lazima niende. Mimi nikasoma kwamba kesho nisikanyage kwake. Kosa hili nimeshalikuta mara nyingi, hata kwa waliokwisha kusoma Kituruki mwaka mzima, na leo limenichosha.

Kutolazimika ni kuachiwa hiari: ukitaka njoo, usipotaka kaa. Kukatazwa ni jambo jingine kabisa. Hiari hiyo Waturuki huisema kwa gerek yok, lazım değil, şart değil, au zorunda değil (yok ni "hakuna", değil ni "si"). Kiambishi cha wajibu, -meli, hakimo humo. Gelmelisin ni "unapaswa kuja". Ukitia -me- ya ukanushi, gelmemelisin, umeshakataza. Na tusiwacheke, maana "hupaswi kuja" yetu ni vivyo hivyo: kwa umbo inaondoa wajibu, kwa maana inafunga mlango.

Kinachonikera zaidi ni kwamba Mswahili ndiye wa mwisho aliyetakiwa kupotea hapa. Lazım ni lazima yetu. Şart, inayotamkwa "shart", ni sharti. Wapo pia wanaosema hacet yok, na hiyo c yao ni j yetu, kwa hiyo ni "hakuna haja" neno kwa neno. Sisi na wao tumechota kisima kimoja cha Kiarabu. Gerek ndilo la Waturuki wenyewe tangu kale, na zor iliyomo ndani ya zorunda ni ya Kiajemi, maana yake nguvu. Anayekuambia gelmek zorunda değilsin anakuambia hakuna nguvu inayokusukuma uje. Chama cha lugha, Türk Dil Kurumu, kilianzishwa mwaka 1932, na kazi yake kubwa ikawa kupunguza Kiarabu na Kiajemi katika Kituruki. Lazım halikung'oka. Mpaka leo liko midomoni mwa kila mtu.

Basi tazama ukanushi unakaa wapi. Gelmen lazım değil: si lazima uje. Gelmemen lazım: lazima usije. Ni mpangilio uleule wa kwetu, ila wao wanatanguliza kitenzi.

Hapo ndipo mwanafunzi anaponiuliza: mbona gelmen nayo ina -me-? Ndiyo, lakini hiyo si ya ukanushi, ni ya kugeuza kitenzi kuwa jina: gelmen ni "kuja kwako". Sikio hutofautisha upesi. Gelme yenye mkazo kwenye gel ni "usije". Mkazo ukihamia kwenye me, ni "kuja". Kwenye maandishi zote mbili sura moja, ndiyo maana anayejifunza kwa kitabu peke yake hujikwaa. (Gerek hiyohiyo utaisikia ukimpelekea mwenyeji zawadi: "Ne gerek vardı!", yaani kulikuwa na haja gani? Usiirudishe mfukoni, hiyo ni shukrani.)

Kwa hiyo, ndugu yangu, siku nyingine ukitaka kunipumzisha niandikie "Gelmene gerek yok." Nitakuelewa. Na huenda nikaja vilevile.